Utajuta: neno moja kati ya uswahilini na ikulu

Usiku wa 31 Oktoba 2023 nilikuwa zamu ya usiku kwenye chumba cha habari, Dar es Salaam. Mfalme Charles wa Uingereza alikuwa Nairobi, kwenye dhifa aliyoandaliwa na Rais William Ruto, na hotuba yake ilikuwa imeanza kutufikia kupitia mashirika ya habari. Sote tulikuwa tunasubiri kitu kimoja tu: ataomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Mau Mau, au hataomba?

Hakuomba. Alisema makosa ya zamani yanamtia huzuni kubwa na majuto makubwa. Akasema Wakenya walitendewa ukatili wa kuchukiza usio na udhuru wowote. Akaishia hapo, glasi zikainuliwa.

Mimi kazi yangu ilikuwa kichwa cha habari. Nikaandika "Mfalme Charles ajuta". Nikafuta. Nikaandika "asikitika". Nikafuta tena. Mhariri wa zamu alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akaniuliza, "Kwani kajuta au kasikitika?" Nikamwambia Kiingereza chake kimetumia neno moja linalobeba yote mawili. Akacheka. "Basi mwenye lugha yake kajificha humo humo."

Tangu usiku ule nimekuwa nikilichunguza hili neno kujuta kama mtu anayechunguza noti aliyopewa gizani.

Tuanze na karani. Ukiomba kazi ukaikosa, barua itakuja na maneno "Tunasikitika kukujulisha kwamba…" Kiingereza cha barua hiyo kinatumia neno lile lile alilolitumia mfalme. Lakini we jaribu kuandika "Tunajuta kukujulisha". Mpokeaji ataigeuza karatasi mara mbili, atajiuliza hawa watu wamefanya nini huko ofisini mpaka wajute. Kusikitika kunamhusu yeyote aliyeguswa na jambo, awe amelifanya au amelisikia redioni. Nasikitika kwa msiba wa jirani, nasikitika timu yangu kufungwa. Kujuta kunadai zaidi. Hujuti mpaka mkono wako uwe umo. Umelifanya, au ulitakiwa kulifanya ukaacha.

Na "pole" nayo iko mbali kabisa. Mtu akijikwaa mbele yako unampa pole hata kama hujamgusa. Wageni wanaojifunza Kiswahili husumbuka sana hapo, wanaona kama kila Mswahili anakiri kosa kutwa nzima. Pole haina hatia ndani yake. Ukimkanyaga mtu kwenye daladala unasema samahani, au kumradhi kama umelelewa na watu wa pwani, au niwie radhi. Hakuna anayemkanyaga mtu akasema "najuta". Akisema hivyo abiria wote watageuka wamtazame.

Sasa sikiliza neno lenyewe linavyotumika mtaani, utagundua jambo la nyakati. Mara nyingi zaidi utalisikia katika wakati ujao, na likiwa kitisho: utajuta. Mama anamwambia mtoto aliyekataa kuoga, kondakta anamwambia abiria aliyegoma kulipa, mpenzi anamwambia mpenzi. Utajuta kunifahamu. Utajuta kuzaliwa. Halafu linakuja katika wakati uliopita, na hapo mara nyingi ni la kuchekesha: "Nilipanda lile basi la usiku, nilijuta mwenyewe!" Watu wanacheka, msimulizi anacheka nao. "Sijuti" nayo ipo, ni ya kujitapa, ya mtu aliyeachana na mwenzake juzi na anataka mtaa mzima ujue kwamba yuko salama.

Lakini wakati uliopo, "najuta", tena bila mzaha, ni nadra. Nimejaribu kukumbuka mara ngapi nimemsikia mtu mzima akinitazama usoni akasema "najuta", na sifiki idadi ya vidole vya mkono mmoja. Neno likifika hapo huwa zito. Sauti hushuka, mtu hutazama chini. Kiswahili ni kama kimeamua kwamba majuto ni ya mwingine na ni ya kesho, au ni yangu lakini ya jana na yamekwisha. Ya leo hayasemeki kirahisi.

Sarufi yetu, kwa upande wake, imeyajengea majuto nyumba nzima. Zile -nge-, -ngeli- na -ngali- ambazo walimu wetu walituchapia viboko tusizichanganye, kazi yake kubwa nje ya darasa ni hiyo. Ningejua nisingekwenda. Laiti ningalimsikiliza mama. Wahenga wameifanya ningelijua kuwa mtu kabisa, wakasema huja nyuma, kama msafiri mzembe anayefika stendi basi limeshaondoka. Na jina lenyewe, majuto, limo katika kundi la maneno ambayo hatuyasemi kwa umoja: majonzi, maombolezo, masikitiko. Juto moja sijawahi kulisikia kwa mtu. Yakija huja na wenzake.

Dini zote mbili kubwa za ukanda huu zimelishughulikia neno hili, na zote zimeliona kwamba peke yake halitoshi.

Wanazuoni wa Kiislamu wanapofundisha toba, neno lililotujia kutoka Kiarabu na ambalo asili yake ni kurejea, wanataja masharti. Uache dhambi yenyewe, ujutie, uazimie kutoirudia. Hayo ni matatu, baina yako na Mola wako. Lakini kosa likiwa limemgusa binadamu mwenzako linaongezeka la nne: umrudishie haki yake, au umwendee akuwie radhi. Kama ni mali, irudi. Kama umemsengenya, utafute namna ya kusafisha uliyoyachafua. Kwa hiyo majuto yamo, tena ni moyo wa toba, ila hayajamfikia mtu. Yanamfikia kwenye sharti la nne, na hapo ndipo wengi hukwama. Misikitini watu hulia sana. Kwa jirani aliyedhulumiwa kiwanja hawaendi.

Upande wa Wakristo, chukua Biblia ya Union, ile ya mwaka 1952 ambayo bado iko kwenye meza za makanisa mengi. Yohana Mbatizaji anapohubiri jangwani anawaita watu watubu. Yuda alipoona Yesu amehukumiwa, watafsiri hawakumpa neno hilo. Walimpa kujuta. Huwa nalifikiria sana chaguo hilo. Yuda hakukaa na majuto yake mikono mitupu, maana alivibeba vipande thelathini vya fedha akavirudisha. Tatizo ni alikovirudisha: kwa makuhani, waliomlipa. Aliyemsaliti hakumwendea. Akaenda kujinyonga. Katika kitabu hicho hicho, Mwanzo inapofika mahali Mungu anapoona uovu wa wanadamu kabla ya gharika, watafsiri walikwepa kujuta wakaandika kughairi. Nadhani masikio yao yaliwaambia kwamba anayejuta ni aliyekosa, na hilo hawakuwa tayari kumwambia muumini wa Kiswahili juu ya Mungu wake.

Hapa niruhusu sarufi kidogo, sitachelewa. Kujuta hakupokei mtu. Unaweza kusema "nimemwomba radhi", "nimemwangukia", "nimemtaka msamaha", na kila mara hiyo -m- inasimama katikati ya kitenzi kama mtu mlangoni. Aliyekosewa yumo ndani ya neno. Huwezi kulitamka bila kumtaja. Lakini "nimemjuta" hakuna. Ukilazimisha utapata "namjutia", na maana yake inageuka: najuta kumpoteza, au najuta kuwahi kumjua. Mtu akisema anamjutia mke wake wa kwanza, mke huyo hajaombwa chochote. Kujuta ni jambo la mwenye kujuta. Aliyekosewa anaweza kuwa chumba cha pili na asijue.

Ndiyo maana wanasheria wa serikali wanalipenda.

Sisemi hivyo kwa dhihaka tupu. Turudi Kenya. Hali ya hatari ilitangazwa 20 Oktoba 1952, na kwa miaka ile watu wengi walifungwa kambini, wakapigwa, wakahasiwa. Mwaka 2009 wazee waliopitia kambi hizo walifungua kesi London. Serikali ya Uingereza ilijitetea kwanza kwamba madeni ya utawala wa kikoloni yalihamia kwa serikali ya Kenya huru, kisha kwamba muda umepita mno. Wakati kesi ikiendelea zikaibuka nyaraka za kikoloni zilizokuwa zimefichwa kwa miongo kadhaa kwenye ghala la serikali huko Hanslope Park. Oktoba 2012 Mahakama Kuu ya London ikaamua kesi inaweza kuendelea. Tarehe 6 Juni 2013 waziri wa mambo ya nje, William Hague, alisimama bungeni akasema serikali yake inajuta kwa dhati kwamba ukatili ule ulitokea, na kwamba watalipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa walalamikaji 5,228. Pumzi ile ile aliyotumia kujuta aliitumia kusema kwamba serikali haikubali dhima ya kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni.

Pesa zilitoka, na kwa bibi kizee aliyengoja nusu karne pesa si kitu kidogo. Mnara wa kumbukumbu ukajengwa Uhuru Park, ukazinduliwa Septemba 2015. Sitaki kuyapuuza hayo. Lakini miaka kumi baadaye, alipokuja mfalme mwenyewe, neno lilikuwa bado ni lile lile, limepigwa pasi tu. Na Charles si mtu wa mbali na habari hii. Hali ya hatari ilipotangazwa mama yake alikuwa malkia tayari. Yeye alikuwa hajatimiza miaka minne.

Wabelgiji nao wamefuata njia hiyo. Tarehe 30 Juni 2020, Kongo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, Mfalme Philippe alimwandikia Rais Tshisekedi barua ya majuto kwa mateso ya enzi za ukoloni. Juni 2022 akaenda mwenyewe, Kinshasa, kisha Lubumbashi na Bukavu, miji ambayo angeweza kuomba radhi kwa Kiswahili akaeleweka sokoni. Akarudia majuto. Desemba mwaka huo tume ya bunge la Ubelgiji iliyokuwa ikichunguza historia hiyo ilivunjika bila makubaliano, na kilichoivunja ni kama nchi iombe msamaha au la. Waliokataa waliogopa kwamba neno hilo lingefungua mlango wa madai ya fidia. Yaani watu wazima, wasomi, walichunguza kwa zaidi ya miaka miwili wakakwama kwenye ile -m- yangu.

Sasa, asubuhi baada ya zamu yangu ile. Nilikuwa nimelala saa tatu tu, simu ikaita. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa Songea.

Tarehe 1 Novemba 2023, kwenye makumbusho ya Majimaji, Steinmeier alikutana na wajukuu na vitukuu wa Nduna Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Kwa wasiojua, vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, vikasambaa kusini yote, na Wajerumani wakavizima kwa bunduki na kisha kwa njaa, wakichoma mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi kufikia 300,000, na wengi wao njaa ndiyo iliyowaua. Mpaka leo kila 27 Februari mashujaa walionyongwa Songea hukumbukwa.

Steinmeier alisema ana aibu. Akasema anaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu waliokuwa mbele yake. Kichwa cha habari kilichukua sekunde kumi: "Rais wa Ujerumani aomba msamaha Songea". Sikufuta kitu.

Kwa hiyo ndani ya siku mbili, wakuu wa nchi mbili, katika nchi mbili jirani zinazozungumza lugha moja, mmoja amejuta na mwingine ameomba. Wenzangu wengi waliandika kwamba Mjerumani amemzidi Mwingereza. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo kwenye baraza la kahawa, na nilishangiliwa. Siku hizi nasita kidogo.

Nasita kwa sababu ya tarehe. Nairobi kulikuwa bado na wazee walio hai, wenye makovu na wenye mawakili. Songea hapakuwa na hata mmoja. Aliyekuwa mtoto mchanga mwaka 1905 angekuwa na miaka 118. Msamaha uliombwa mahali ambapo hakuna mlalamikaji wa kwanza anayeweza kuupeleka mahakamani, na kuhusu fidia Steinmeier hakutoa ahadi. Mwaka 2021, Ujerumani ilipokiri mauaji ya kimbari ya Namibia, iliahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, ila ikahakikisha neno fidia halimo. Nao wana wanasheria wao.

Hata hivyo kuna jambo moja Songea ambalo linanizuia kuiona safari ile kama maigizo. Ukoo wa Songea Mbano unatafuta kichwa cha mzee wao. Wanaamini kilichukuliwa na kupelekwa Ujerumani, kama mabaki mengi ya watu wetu yalivyosafirishwa enzi zile kwenda kwenye makumbusho na vyuo. Steinmeier aliwaambia watajitahidi kukitafuta, akasema pia wazi kwamba hawezi kuahidi watakipata. Hiyo sentensi ya pili ndiyo iliyonigusa. Mtu anayejuta tu hahitaji kuisema. Inamhitaji mtu anayejua kwamba mbele yake yuko anayedai.

Majuto ni mjukuu, tunasema, na shuleni tulifundishwa maana yake ni kwamba huja mwishoni, baada ya tendo na baada ya mtoto wa tendo. Wengine humalizia: huja kinyume. Sikuwahi kuifikiria methali hiyo kama habari ya ukoo mpaka nilipoona picha za Songea. Wajukuu walikuwa wamesimama pande zote mbili.

Ningeweza kuishia hapo, kwa sababu kuwapima wafalme wa watu ni kazi tamu. Lakini Novemba 2019 Rais mstaafu Benjamin Mkapa alizindua kitabu cha maisha yake, na ndani yake aliandika kuhusu Januari 2001. Tarehe 26 na 27 mwezi ule, baada ya uchaguzi uliobishaniwa wa Zanzibar, polisi walifyatua risasi dhidi ya waandamanaji wa CUF, hasa Pemba. Shirika la Human Rights Watch lilihesabu angalau watu 35 waliouawa. Watu wapatao 2,000 walikimbilia Kenya, wengi wakifikia Shimoni kwa mashua. Kwa mara ya kwanza Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ilikuwa imewatoa wa kwake.

Mkapa aliandika kwamba mauaji yale yamebaki doa katika uongozi wake. Vyombo vya habari, vya nje na vya ndani, vikaripoti kwamba anajuta. Nakumbuka tuliisifu kauli ile, na nadhani tulistahili kuisifu, kwani ni marais wangapi wa bara hili wameandika sentensi kama hiyo kabla ya kufa? Alifariki miezi minane baadaye, Julai 2020.

Lakini aliiandika kwa Kiingereza, kitabuni, na ukumbi ulikuwa Dar es Salaam. Oktoba 2001 CCM na CUF walikuwa wametia saini Muafaka, vyama vikapatana, maisha yakaendelea. Niliwahi kufika Wete miaka michache iliyopita kwa kazi nyingine kabisa, habari za karafuu. Jioni nikamuuliza mzee aliyekuwa amenikaribisha kahawa kama alisikia kwamba Mkapa alijuta. Alikuwa hajasikia. Nikamweleza, kitabu, uzinduzi, doa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaizungusha kahawa kwenye kikombe.

"Kajuta kwa nani?" akauliza.